Kushona nguo za Zama za Kati nyumbani: tuliyojifunza kwenye mkato, sufu na pembetatu

Kabla ya kushika mkasi, weka jambo moja sawa kichwani: huko Ulaya ya karne ya 14 kitambaa kilikuwa mali, na mkono wa kushona ulikuwa wa bei nafuu. Sufu ilinyolewa, ikachambuliwa, ikasokotwa uzi kwa uzi, ikatandwa, ikafumwa, ikasinyazwa kwa maji na kupigwa, ndipo ikatiwa rangi. Baada ya kazi hiyo yote hakuna fundi aliyekubali kutupa hata kipande cha upana wa kiganja. Leo hesabu imegeuka. Kitambaa kinauzwa kwa mita bila kufikiri sana, na muda wa fundi ndio unaouma. Karibu kila kinachoonekana kigeni kwenye nguo za zama zile, yaani vipande vingi, pembetatu zilizopachikwa, viraka vya ndani na akiba ndogo ya mshono (kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa mshono), kinaeleweka ukikumbuka hesabu hiyo. Mtu anayechukua mkato wa gauni la kisasa na kuliongezea kamba na vifungo vya shaba atapata vazi la maigizo, hata kama amefuma urembo wa wiki nzima shingoni.

Bahati njema ni kwamba nguo halisi zipo, na zimepimwa. Mwaka 1921 Poul Nørlund alifukua makaburi ya kanisa la Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, na humo akakuta magauni, kofia za kitambaa na soksi ndefu. Watu wa pale walikuwa wakizikwa wakiwa wamevishwa au kufungiwa katika nguo badala ya majeneza, na ardhi iliyoganda ikazihifadhi. Nyingi ni za karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, na ziko Nationalmuseet, Copenhagen. Mwaka 1936, katika kinamasi cha mboji karibu na Varberg, Sweden, ulipatikana mwili wa mwanamume anayeitwa Mtu wa Bocksten, akiwa na vazi lake kamili la karne ya 14: gauni la sufu, joho, kofia yenye mkia mrefu na soksi za kitambaa. London nayo ilitoa vipande vingi vidogo kutoka kwenye udongo wa kando ya mto Thames, hasa eneo la Baynard's Castle. Hivyo ndivyo vinavyotufundisha vifungo, matundu yake na namna ya kumalizia kingo. Picha za vitabu vya wakati ule zinaonyesha umbo la nje na namna nguo ilivyovaliwa. Mshono wa ndani hazionyeshi. Kwa hiyo umbo lichukue kwenye picha, mkato uchukue kwenye nguo zilizofukuliwa.

Amua pia unamshonea nani. Mwaka 1363 Uingereza ilipitisha sheria ya mavazi iliyowapanga watu kwa mali zao, na waliokuwa chini kabisa, watu wa jembe na mikokoteni wasiofikisha mali ya shilingi 40, waliruhusiwa sufu ya kawaida ya bei ya chini tu. Sheria hiyo haikudumu hata miaka miwili, lakini inakuonyesha macho ya watu wa wakati ule yalivyosoma nguo. Mkulima mwenye vifungo vya hariri hadi kiwikoni hasomeki. Anayeanza afadhali ashone gauni la mtu wa kawaida: lina mkato uleule wa msingi, na linavumilia mkono ambao bado haujazoea.

Sasa kitambaa. Gauni la nje ni la sufu, la ndani ni la kitani. Pamba ya leo haishiki umbo la pembetatu kama sufu, na poliesta inaharibu kila kitu: haisinyai kwa maji moto, haikubali pasi ya mvuke, na inaning'inia kama pazia. Madukani utaambiwa "hii sufu" mara nyingi kuliko ilivyo kweli, basi chomoa nyuzi mbili tatu, moja ya mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) na moja ya mshindio (nyuzi zinazoukata mtande kwa upana), uziwashe kando kando. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto huzimika ukiondoa kiberiti, na majivu husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitani na pamba huungua kama karatasi. Jaribu nyuzi za pande zote mbili kwa sababu vitambaa vya mchanganyiko huficha poliesta kwenye mshindio. Anayeishi Dar au Nairobi atapata sufu nzuri kwenye mitumba kuliko kwenye maduka mengi ya vitambaa vipya: mablanketi ya zamani ya sufu tupu na makoti makubwa ya Ulaya, kwenye masoko ya Gikomba na Karume. Blanketi moja la kitanda cha watu wawili linatosha gauni zima. Koti linatosha kofia na soksi.

Uzito unaofaa kwa gauni ni gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba. Kwa joto la pwani shuka hadi 250, lakini usiende chini zaidi, la sivyo pindo litapeperuka badala ya kuning'inia. Ufumaji ulio salama ni ule wenye mistari ya hanamu, yaani ya mshazari, kama kitambaa cha jinzi, au ufumaji wa kawaida uliosinyazwa hadi nyuzi zisionekane vizuri. Sufu nyingi za Herjolfsnes ni za mistari ya hanamu, mtande wake mara nyingi mweusi na mshindio mweupe zaidi, na nyuzi za mshindio ni nyingi kuliko za mtande. Kuhusu rangi, buluu ilitoka kwenye mmea wa Isatis tinctoria, nyekundu kwenye mizizi ya Rubia tinctorum, njano kwenye Reseda luteola, na kijani ni njano na buluu juu ya kitambaa kimoja. Rangi asilia za kondoo, kijivu, kahawia na nyeupe chafu, ni sahihi daima. Nyeusi ya makaa inayong'aa iepuke; ilikuwa ghali na ngumu kuipata.

Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kizungushie alama, kioshe kwa maji ya nyuzijoto 40 na sabuni kidogo, kisugue mkononi, kikauke, ukipime tena. Kikirudi 18, kitambaa chako kinapungua asilimia 10, na hesabu ya mita ifuate hapo. Kisha osha kitambaa chote vivyo hivyo kabla ya kukata. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na hasara yake ni mbili: gauni litakuja kupungua likiwa limeshashonwa, na kingo zitafumuka muda wote unaposhona. Sufu iliyosinyazwa vizuri unaweza kuikata na kuiacha bila kupinda, na ndivyo kingo nyingi za ndani za wakati ule zilivyoachwa. Ipime kwa kucha: kwaruza ukingo mara kumi. Nyuzi zikitoka, irudishe majini.

Kwa mtu wa kimo cha sentimita 165 na kifua cha 96, nunua mita 3 na nusu za upana wa 150. Baada ya kuosha, upana utabaki kati ya 135 na 140. Anayejua mkato wa kanzu za Lamu na Unguja atajikuta nyumbani hapa, kwa sababu sehemu ni zilezile: badani (kipande cha mwili, mbele na nyuma), taharizi (pembetatu za ubavuni), vikwapa (vipande vya kwapani), mikono na kaba (mkanda wa ndani) ya shingo. Tofauti kubwa ni pembetatu mbili za ziada, moja katikati ya mbele na moja katikati ya nyuma.

Badani ya mbele na ya nyuma zikatwe sambamba, kila moja upana wa 54 na urefu wa 132, akiba ya mshono ya sentimita 1 imo. Hizo zinakula 108 za upana. Mkanda unaobaki pembeni usiuguse, utatoa vikwapa na kofia. Chini yake panga pembetatu nne zenye kitako cha 52 na kimo cha 90, moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini, hadi zote nne zishike upana wa 130. Kupanga hivyo kunaacha taka kidogo tu. Kama sufu ina manyoya yaliyolala upande mmoja, pembetatu zilizogeuzwa zitaonekana zina kivuli tofauti juani. Chagua sufu isiyo na manyoya au yasugue yote yasimame kabla ya kukata. Mikono inafuata: kila mmoja upana wa 44 begani, 26 kwenye kiganja, urefu wa 58. Vikwapa viwili vya 12 kwa 12. Gauni likimalizika litakuwa na nafasi ya sentimita 8 kifuani na mzunguko wa pindo wa karibu mita 3, unaokuwezesha kupanda ngazi na kuchuchumaa bila kuinua nguo.

Kitambaa kisipotosha, unga. Pembetatu inaweza kuwa na kipande kingine kwenye kona, mkono unaweza kuongezewa kabari karibu na kwapa. Vazi la kifahari la Charles de Blois, aliyekufa vitani Auray mwaka 1364, ambalo liko Lyon, limeundwa kwa vipande vingi sana ingawa ni la hariri na dhahabu. Mshono wa kuungia uliofanywa vizuri ni alama ya usahihi, na sisi tunaupenda kuliko kitambaa kipya kilichonunuliwa ili kuuepuka.

Pembetatu za katikati ndizo zinazowashinda wengi, basi tuzikalie.

Kunja badani katikati kwa urefu na uweke alama kwa uzi, usitumie chaki peke yake. Mstari lazima ufuate uzi mmoja wa mtande tangu juu hadi chini, kwani ukiteleza nusu sentimita gauni litapinda tumboni. Pasua mstari huo kutoka kwenye pindo kwenda juu kwa sentimita 88, si zaidi. Kosa la kawaida ni kupachika pembetatu kama mshono mwingine wowote, kitambaa uso kwa uso, na kuishona kutoka chini kwenda juu. Ukifika kileleni utakuta akiba ya mshono imeisha upande wa mpasuo, kitambaa kimejikusanya, na kuna mkunjo kama wa jicho usioondoka hata kwa pasi. Mkunjo unatokea kwa sababu unalazimisha upana wa sentimita 1 kuisha ghafla mahali pamoja.

Fanya hivi. Laza badani juu ya meza, uso ukikutazama. Kunja kingo za mpasuo kwenda ndani: sentimita 1 chini kwenye pindo, ikipungua polepole hadi nyuzi mbili tatu tu kileleni. Piga pasi ya mvuke. Weka pembetatu chini ya mpasuo, ncha yake ikipita kilele kwa sentimita 2. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia kileleni kwenda chini upande mmoja, kisha rudi kileleni uanze upande wa pili, ili kama kuna ziada iishie pindoni ambako inakatika. Sasa shona kwa juu, sindano ikiingia kwenye mkunjo na kutokea kwenye pembetatu, mishono ya milimita 2 hadi 3, vuta uzi ulale bila kukaza. Kileleni ongeza mishono mitano sita iliyobanana, inayosambaa kama vidole, kwa uzi wa hariri au wa kitani. Hapo ndipo nguo itakapochanika ikichanika, kwa sababu kila hatua ya mguu inavuta nukta hiyo. Upande wa ndani, ncha iliyopita kilele ipunguze hadi sentimita 1 na uishikize kwa badani kwa mishono isiyoonekana nje.

Taharizi za ubavuni ni rahisi zaidi, maana zinaingia kwenye mshono wa kawaida wa pembeni, zikianzia kiunoni. Angalizo lake ni uzi wa kitambaa. Pembetatu iliyokatwa na mtande katikati yake ina kingo mbili za hanamu, na kila ukingo wa hanamu hunyooka. Ukishonwa na ukingo wa badani uliofuata mtande, badani huuzuia. Ukishona hanamu na hanamu, kama inavyotokea kwa mwenye kugawa pembetatu katikati na kuziunga vibaya, mshono utaendelea kurefuka na pindo litashuka kama ulimi. Ukilazimika kuigawa, ukingo ulionyooka wa kipande kimoja uonane na ulionyooka wa chenzake katikati. Wakati wa kushona, upande wa hanamu uwe chini mezani na usiuvute. Acha mkono uubebe tu.

Tena, ubavu wa pembetatu ni mrefu kuliko kimo chake. Kwa kipimo chetu cha 52 kwa 90, ubavu unakaribia 94. Ukiishona ilivyo, kona nne kila upande zitaning'inia karibu sentimita 4 chini ya pindo. Shika ncha, pima 90 kwenda kila upande na katikati, uchore tao. Lakini usikate bado. Subiri gauni lining'inie.

Kikwapa kiwe na mguu mmoja kwenye mkono na mwingine kwenye badani. Kishone kwanza kwenye mkono, pande mbili zinazokutana, kisha mkono mzima pamoja na kikwapa ushonwe kwenye badani iliyofunguliwa bapa, kabla ubavu haujafungwa. Mwisho funga mshono mmoja mrefu kutoka kiganjani, kupitia kwapani, hadi kwenye ncha ya taharizi. Kwenye kona za kikwapa simamisha mshono sentimita 1 kabla ya ukingo na uanze upya. Ukipita moja kwa moja, kona itajikunja na kwapa litabana. Kikwapa kinapunguza mvutano mkono ukiinuliwa: bila hicho, gauni zima hupanda kiunoni kila unapofikia rafu. Magauni ya Herjolfsnes yanaenda mbele zaidi, mengi yana kabari nyuma ya mkono inayomruhusu mtu kuvuta kamba na kupiga kasia, na mkato huo unafaa ukishazoea huu wa kwanza.

Begani ipe badani mteremko wa sentimita 3 kutoka shingoni hadi mwanzo wa mkono. Shingo ikatwe ndogo. Kwa mtu mzima anza na upana wa 14, kina cha 2 nyuma na 8 mbele, kisha mpasuo wa 12 chini ya koo ili kichwa kipite. Itaonekana inabana, jaribu, ndipo uongeze nusu sentimita kwa nusu sentimita. Shingo pana inayoteleza mabegani ndiyo inayofichua haraka kuliko yote kwamba nguo imekatwa kwa macho ya leo. Kaba ni mkanda wa kitani au hariri wa sentimita 2 na nusu, umeshonwa nje, ukageuzwa ndani na kushikizwa. Usikate kaba yenye upana wa kiganja kama ya gauni la kisasa. Hiyo ni kitambaa bure.

Uzi wa kushonea uwe wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, au wa sufu kwa sufu, kama nguo za Greenland zilivyo. Uzi wa sufu unaweza kuuchomoa kwenye mtande wa kitambaa chako mwenyewe, na mshono wake hupotea kabisa machoni. Kata uzi usiozidi urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole. Mrefu zaidi unachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na unajifunga mafundo. Mishono mirefu ya badani na taharizi ishone kwa mshono wa mbele, milimita 3 hivi, na kila baada ya mishono minne mitano rudi nyuma mmoja. Huo mmoja unafunga, hivyo uzi ukikatika hapa haufumuki hadi kule. Mahali penye mvuto, kwapa, bega na kilele cha pembetatu, rudi nyuma kila mshono. Akiba ya mshono kwenye sufu ilaze upande mmoja na uishikize, au iachwe tu. Kwenye kitani haiachwi kamwe.

Cherehani? Kwa mishono mirefu iliyojificha, aliye na haraka aitumie, urefu wa mshono ukiwa milimita 3 na mguu wa kushindilia ukiwa umelegezwa. Mguu ukikaza, sufu ya chini husafiri haraka kuliko ya juu na mshono unakuwa wa mawimbi. Ila vilele, shingo, pindo na vifungo vibaki vya mkono. Tumeshaona nguo zenye mshono wa cherehani ndani zinazoning'inia vizuri, na nguo zilizoshonwa zote kwa mkono ambazo hazifai kwa sababu sufu haikusinyazwa. Mkato na kitambaa hutangulia mshono.

Nguo ya ndani, shimizi ya kitani, inafuata mkato uleule bila pembetatu za katikati. Mita 2 na nusu za kitani cha gramu 150 hadi 200 zinatosha. Kioshe kwa maji ya nyuzijoto 60, kipige pasi kikiwa na unyevu, na ukate kwa kuchomoa uzi: vuta uzi mmoja wa mshindio hadi utoke, ufuate njia uliyoacha. Kitani kilichokatwa kwa chaki karibu kila mara kimepinda. Mishono yake ifungwe. Acha akiba ya sentimita 1 na nusu upande mmoja, punguza ya pili hadi nusu, kunja ile pana juu ya ile nyembamba na ushone ukingoni, mishono mitatu au minne kwa kila sentimita. Shimizi ndiyo inayogusa jasho na ndiyo inayofuliwa, kwa hiyo mshono ulio wazi utafumuka kwa dobi wa kwanza.

Vifungo vya kitambaa vya London ni kazi nzuri ya kuanzia kwa mkono wa mtoto hata. Kata duara la sentimita 3, pitisha uzi wa mbele milimita 3 kutoka ukingoni, vuta lijikusanye, sukuma kingo zote ndani ziwe ujazo wake, vuka chini kwa mishono ya msalaba hadi kiwe kigumu kama punje ya mahindi. Kitakuja na upana wa sentimita 1. Kifungo hakikai ndani ya ukingo kama cha shati. Kinakaa juu ya ukingo wenyewe, kwenye shingo fupi ya uzi. Upande wa matundu shona kwanza mkanda mwembamba wa hariri kwa ndani, kisha toboa tundu karibu kabisa na ukingo, sentimita 1 na robo kwa kifungo hicho, na ulizungushie uzi wa hariri. Mkono wa kubana wa mtu wa mjini una vifungo kutoka kiwikoni hadi kiganjani, umbali wa sentimita 2 kati yao, na mshono wake unakaa nyuma ya mkono badala ya kwapani. Ukikata mkono huo, kunja kiwiko unapoupima. Uliopimwa mkono ukiwa umenyooka hautakuruhusu kula.

Gauni la kufunga kwa kamba lina matundu ya kuchoma kwa msharasi, yanayosukuma nyuzi kando bila kuzikata, kisha yanazungushiwa uzi. Pete za chuma za kugongelea hazikuwapo. Kamba ni moja, inapanda kwa kuzunguka upande mmoja hadi mwingine, haipandi kwa misalaba miwili kama kiatu. Kwa hiyo matundu ya kulia na kushoto yanapishana nusu ya umbali, isipokuwa jozi ya juu kabisa na ya chini kabisa ambazo zinatazamana. Ukiyatoboa yote yatazamane, kitambaa kitavutwa hanamu na upande mmoja utapanda.

Soksi ndefu hukatwa kutoka kwenye sufu ileile iliyofumwa, hanamu kamili ya digrii 45, kwa kuwa hanamu ndiyo inayoipa uvutano. Ikikatwa kwa kufuata mtande haitapita kisigino. Pima kisigino hadi mbele ya kifundo, hapo ndipo pana kuliko pote mguu unapopita. Kofia haina shida: vipande viwili, kabari ya mbele au za mabegani, na mkia ukipenda. Inatosha mita 1, na ndiyo tunayompa mwanafunzi kwanza, maana ina kilele cha pembetatu kimoja au viwili vya kujifunzia kabla hajapasua badani.

Kwa mtu anayetaka vazi la karne hiyohiyo la upande wetu wa bahari, Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, safari iliyompeleka pia Kilwa, alipewa kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, vazi la juu la kitani cha Misri, joho lenye bitana na kilemba. Mkato wa kanzu na vikwapa vyake utamfaa zaidi kuliko wa Greenland, na hesabu ya kutotupa kitambaa ni ileile.

Gauni likishashonwa lote isipokuwa pindo, litundike kwenye henga yenye mabega mapana, lisitundikwe msumarini, kwa siku mbili. Hanamu za pembetatu zitashuka zenyewe kadiri zinavyotaka kushuka. Kisha livae juu ya shimizi na mkanda ambao utavaliwa nao, mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwa fimbo iliyonyooka akizunguka, aweke pini kila kiganja. Kata sentimita 2 chini ya pini. Kunja mara moja tu, kwa sababu sufu nzito iliyokunjwa mara mbili inasimama kama kamba, na ushone kwa mishono inayokamata nyuzi chache za nje. Pindo la mtu wa shamba liishie juu ya kifundo. La mtu wa mjini linaweza kugusa kiatu.

Usilifue ovyo. Lipige vumbi, lianikwe upepo wa jioni, doa lifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi. Likilowa lote, likaushe limelazwa bapa. Kabla ya kulikunja kabatini hakikisha limekauka kabisa, na lichungulie kila mwezi kwapani na kwenye mikunjo, maana nondo hutaga pale penye jasho. Mabaki ya kitambaa yaweke pamoja nalo, yakiwa yameoshwa pamoja nalo, ili kiraka cha kiwiko kije kuwa na rangi na unene uleule.